Madarasa Mawili Yaliyoitwa Matupu

Kwako Dada Tunu,

Nimeandika habari za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na wewe sikukuandika hata mara moja. Sababu unaijua. Ulikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali kule Etobicoke, magharibi mwa Toronto, mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti nikifuatilia bunge la jimbo la Ontario, na tulizaliwa na mama mmoja. Mhariri wangu asingekubali, na hata kama angekubali, mimi nisingeandika. Uliniita mkaidi kwa hilo, mara nyingine mbele ya wageni. Sasa nimestaafu, sina mhariri, nawe umetutoka tangu mwaka jana. Naandika kwa sababu walimu wakuu bado wananipigia simu kuuliza ulifanyaje, na karibu kila mmoja ana hadithi yenye makosa.

Wengi wanasema ulimweka mbunge mfukoni. Si kweli. Mwanzoni mbunge yule alikaribia kuimaliza shule yako, na hoja aliyoitumia ulimpa wewe.

Miaka ya 2000 ilikuwa inaelekea mwisho. Bodi ya elimu ilitoa orodha ya shule zinazoweza kufungwa kwa kuwa na nafasi nyingi zisizotumika, na shule yako ilikuwamo. Ulinionyesha ile karatasi mezani kwako, kidole kikiwa kwenye mstari mmoja: madarasa mawili ya ghorofa ya chini, upande wa mlango wa mashariki, yameandikwa kuwa ni matupu. Kwa kanuni ya wizara, darasa lilihesabiwa kutumika pale tu palipokuwa na wanafunzi walioandikishwa. Kila asubuhi darasa la kwanza lilijaa akina mama kutoka yale maghorofa ya kupanga, wakijifunza Kiingereza. La pili lilikuwa la watoto wao wadogo, wakiangaliwa na mlezi huku mama zao wakisoma ng'ambo ya ukuta. Lakini hakuna mama aliyeandikishwa darasa la tatu, wala mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo, matupu.

"Wakifunga," uliniambia, "wanafunzi watapewa basi hadi shule nyingine. Hawa akina mama hakuna aliyewaahidi hata kiti."

Bodi ndiyo ingepiga kura, lakini kanuni ya kuhesabu ilikuwa ya wizara, na wizara iko chini ya bunge la Ontario. Ukaamua kumwalika mbunge wa eneo lenu. Hapo ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika namna ya kumwalika, na sisi wote tulishiriki.

Mkutano wa maandalizi ulifanyika jikoni kwako. Alikuwepo Mama Zuhura, mwenyekiti wa baraza la wazazi, mtu wa Tanga, ambaye hakuhitaji kipaza sauti popote. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa lile darasa la Kiingereza.

"Mwalimu, mheshimiwa anakuja," alisema. "Tumpokee kama mtu. Meza kuu, vitambaa, maua, risala, watoto waimbe. Na pilau. Asije akaenda kusema Waswahili wamemwacha na njaa."

"Pilau shuleni, Mama Zuhura?"

"Unataka tumpe mkate na jibini? Si ndiyo anayokula kila siku?"

Mimi nilikuwa nakula chapati zako, nikacheka. Nilikuwa nimewaona wabunge kwa miaka mingi na sikuona tatizo lolote. Tulikuwa tunampokea mgeni rasmi jinsi tulivyofundishwa sote. Hilo ni kosa langu pia, na liandikwe.

Siku ya ziara ilikuwa Alhamisi. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo mlichagua madarasa yale mawili. Mlisogeza ule ukuta wa kukunja katikati, yakawa chumba kimoja kikubwa. Mliahirisha somo la akina mama kwa siku mbili. Wanasesere, vitanda vya watoto, mabango ya herufi, vyote vikapelekwa stoo. Mama Zuhura na wenzake walipiga deki sakafu mpaka ikang'aa. Nilikuja kama ndugu, bila daftari, nikasimama nyuma.

Mbunge aliingia na msaidizi wake, bibi wa makamo aliyeitwa Doreen. Mbunge alikuwa mtu wa heshima, mrefu, mwenye tabasamu la kazini. Watoto waliimba. Kisha Zuhura, binti wa Mama Zuhura, akasoma risala kwa Kiingereza. Ilikuwa na aya kumi na moja. Nilizihesabu baadaye, kwa sababu ombi lenu lilikuwa katika aya ya kumi, baada ya shukrani kwa kila mtu mpaka mtunza jengo. Binti alikuwa aya ya saba mbunge alipotazama saa yake mara ya pili. Doreen akamgusa kiwiko. Mbunge akasimama, akaomba radhi kwa uungwana, akasema ana mkutano mwingine. Mama Zuhura akawahi kumfungia pilau kwenye bakuli lenye mfuniko.

Akiwa mlangoni, mbunge akageuka kutazama chumba. "Nafasi nzuri sana hii," alisema.

Mama Zuhura akajibu kwa fahari, kwa Kiingereza chake, akiwa amekifanyia mazoezi: "Yote kwa ajili yako, Mheshimiwa! Tangu jana hakuna mtu aliyekanyaga humu!"

Nilikutazama. Ulikuwa unatabasamu bado, lakini mkono wako ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Baada ya wiki kadhaa likatoka lile jarida dogo ambalo wabunge huwatumia wakazi majumbani. Ukurasa wa pili kulikuwa na picha: mbunge, wewe, Mama Zuhura, na nyuma yenu chumba kipana, sakafu inang'aa, hakuna dawati hata moja. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuisifu shule yenye ukarimu na nafasi ya kutosha kwa miaka ijayo. Mjumbe mmoja wa bodi aliinua picha hiyo kwenye mkutano wa wazazi. "Mbunge wenu mwenyewe ameiona nafasi hiyo," alisema.

Usiku huo hukulala, uliniambia. Asubuhi ulinipigia simu nikiwa kwenye barabara kuu ya 401, natoka nyumbani Agincourt kwenda mjini, foleni haisogei.

"Andika," ulisema.

"Siwezi."

"Unaogopa nini wewe?"

"Naogopa msomaji agundue kesho kwamba mwalimu mkuu ni dada yangu. Akigundua hilo, kila ulichosema kitakuwa uongo, hata kama ni kweli."

"Basi sahau gazeti," ukasema. "Mtu akikupigia simu ofisini, asiye ndugu yako, akakuuliza mbunge anafikiwaje, unamjibu nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na nilikujibu kama ningemjibu mtu huyo. Ijumaa wabunge wengi huwa kwenye ofisi zao za mtaani, si bungeni. Barua husomwa kwanza na msaidizi, na yeye ndiye anayeamua nini kinafika mezani. Karatasi isizidi ukurasa mmoja. Ombi liwe moja, na liwe jambo lililo ndani ya uwezo wake. Mbunge hawezi kuiamuru bodi, lakini anaweza kumwandikia waziri. Na kabla ya yote, mwambie msimamizi wako wa bodi kwamba unakwenda, kwa sababu wewe ni mwajiriwa na siku moja utaulizwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mambo yote hayo ulikuwa nayo siku ile unakula chapati zangu," ukasema, ukakata.

Ofisi ya mbunge ilikuwa kwenye safu ya maduka, kati ya dobi na duka la donati. Ijumaa ya kwanza ulikwenda ukamkuta Doreen peke yake. Alikwambia mbunge ana ratiba iliyojaa. Ukamwambia hukuja kumwona mbunge, umekuja kumwuliza yeye watu wa shule huwa wanaleta mambo gani pale. Alishangaa. Akasema huwa wanakuja wakiwa wamekasirika, na wakisharidhika hawaonekani tena. Mlizungumza robo saa. Alikulia kisiwa cha Newfoundland, akafika Toronto akiwa msichana, na watu wakamcheka lafudhi yake kwa Kiingereza kilekile alichozaliwa nacho. Ulinisimulia hilo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Mimi nilikuwa nimepita ofisi za aina hiyo kwa miaka na sikuwahi kumwuliza msaidizi yeyote alikotoka.

Uliendelea kwenda. Siku moja saa ya chakula cha mchana Doreen alikupigia simu shuleni. Mbele yake alikuwa na mzee na mkewe, wametoka kambi ya wakimbizi Kigoma, hawajui Kiingereza, na kadi zao za matibabu zilikuwa na majina yaliyogeuzwa. Ulitafsiri kwa simu mpaka mambo yakaeleweka. Hukumtajia shule. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Yule mzee hakuwa chambo changu."

Ndipo ukaandika ile karatasi ya ukurasa mmoja. Niliiona baada ya kutumwa, si kabla. Nilikataa kuisoma kabla na ulinitukana kidogo. Haikuwa na shukrani. Ilieleza madarasa mawili, nani anayatumia, saa zipi, na kwa nini kanuni haiwaoni. Mwisho iliomba mbunge amwandikie waziri wa elimu ili vyumba vinavyotumiwa na jamii saa za shule vihesabiwe kuwa vinatumika. Doreen alikupa dakika kumi na tano Ijumaa iliyofuata. Mbunge aliisoma mbele yako, akakuna kidevu.

"Lakini mimi nilifika pale," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Palikuwa wazi kabisa."

"Tuliwaondoa watu kwa heshima yako," ulimjibu. "Kwetu mgeni mkubwa hakuti vurugu. Ulichokiona ni adabu yetu, siyo shule yetu."

Akacheka. Ukamwomba aje tena, Jumanne yoyote kabla ya saa tano asubuhi, na asiwaambie ni ipi. Akauliza kama kutakuwa na ule wali. Ukamwambia hakutakuwa na kitu.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Mama Zuhura. Alikuja ofisini kwako na koti la baridi hajalivua.

"Mwalimu, nasikia mheshimiwa atakuja kimyakimya kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Na sisi tusifagie."

"Mfagie kama siku zote."

"Siku zote hatufagii mpaka saa sita! Akute maboti yamerundikana mlangoni, maji ya theluji yamechirizika, mtoto wa Halima analia? Na chai hakuna? Mimi nitatazamwa vipi na wenzangu?"

"Mama Zuhura, picha ile ya sakafu inayong'aa ndiyo inayotufunga."

"Sakafu niliipiga deki mimi."

"Najua."

Uliniambia alikaa chini pale, akavua kofia ya sufu, na kwa mara ya kwanza tangu umfahamu akazungumza polepole. Alisema alikaa miaka mitano kwenye ghorofa ya kumi na moja bila kuweza kumwambia daktari mtoto ameumwa tangu lini; Zuhura ndiye aliyekuwa akimsemea, naye alikuwa na miaka saba. Darasa lile lilikuwa umbali anaoweza kutembea akisukuma kigari cha mtoto kwenye barafu. "Wakifunga hapa, mimi narudi ndani," alisema. Kisha akavaa kofia. "Haya. Asikute chai. Lakini akija siku ninayoumwa, sitakusamehe."

Mbunge alikuja Jumanne moja ya mwezi Februari. Sikuwepo, na nina masimulizi mawili: lako na la Mama Zuhura. Yanatofautiana kuhusu muda, wewe ulisema dakika ishirini na tano, yeye anasema saa nzima. Mengine yanalingana.

Mbunge alijiandikisha ofisini kama mgeni yeyote, akashuka peke yake. Mlango wa mashariki ulikuwa umezibwa na maboti na vigari. Darasani hapakuwa na kiti kilichobaki wazi, akasimama ukutani kati ya makoti yanayochuruzika maji. Mwalimu wa akina mama alikuwa mgeni kwenye eneo lile na hakumfahamu. Somo la siku lilikuwa kupiga simu kliniki, na alihitaji mtu wa kuigiza mpokea simu.

"Wewe bwana," akamwambia, "njoo mbele. Wewe ni kliniki."

Mbunge akaenda mbele. Mwalimu akamwita Mama Zuhura aigize mama mwenye mtoto mgonjwa. Yeye alimtambua mheshimiwa mara moja, na hakusema kitu. Akashika simu ya kuchezea ya watoto.

"Halo. Mtoto wangu ana homa. Nataka daktari."

"Tuna nafasi Alhamisi ijayo," mbunge akasema, akitaka kuchekesha.

"Hapana. Homa ni leo."

"Leo tumejaa, mama."

"Mimi nitasubiri. Nitakaa hapo kwenye kiti. Una viti?"

"Viti... vipo."

"Basi nakuja sasa hivi. Andika jina."

Na akamtajia jina lake herufi moja moja, mbunge akaliandika ubaoni, na darasa zima likapiga makofi. Ng'ambo ya ukuta mtoto wa Halima alikuwa analia kweli. Ulipofika mlangoni ulimkuta mheshimiwa ameshika chaki, akiuliza wangapi kati yao wanafika pale kwa miguu. Mikono yote ilikuwa juu.

Alimwandikia waziri wiki ileile. Doreen alikupa nakala. Miezi michache baadaye wizara iliiarifu bodi kwamba vyumba vya namna hiyo vinaweza kuhesabiwa kuwa vinatumika, na bodi ikahesabu upya. Siwezi kuapa kwamba barua moja ilitosha. Kulikuwa na shule nyingine zilizokuwa zikilalamikia jambo hilohilo. Ninachoweza kusema ni mpangilio wa matukio: kabla ya Jumanne ile hakuna aliyesogea, na baada ya hapo walisogea.

Jioni ya kura nilikaa viti vya umma. Habari hiyo aliandika mwenzangu. Mwenyekiti wa bodi alisoma majina ya shule zitakazofungwa, moja baada ya nyingine, akafunga faili. Mama Zuhura akakuvuta mkono.

"Amemaliza? Mbona hajatutaja?"

"Ndiyo hivyo, Mama Zuhura. Hajatutaja."

Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, "Alhamdulillahi, na wangesema mapema basi, nimeacha maharage jikoni!"

Hapo ndipo wengi wanaposimulia mwisho, na hapo ndipo wanapokosea. Ijumaa iliyofuata ulikwenda tena kwenye ile ofisi. Doreen akachukua kalamu, akakuuliza safari hii kuna nini. Ukamwambia hakuna kitu, umekuja kumshukuru na kumwambia darasa lina akina mama watatu wapya. Alikwambia hilo halijawahi kutokea tangu aanze kazi. Mbunge alikuja mara nyingine, akajifunza kumsalimia Mama Zuhura "shikamoo," kimakosa, maana mbunge ndiye mkubwa kwa umri, na hakuna aliyemsahihisha.

Mbunge alipopoteza kiti kwenye uchaguzi, nilidhani kazi yako imepotea naye. Nilikuwa sijui kwamba wakati wa kampeni ulimwandikia kila mgombea barua ileile, wa vyama vyote, ukiwaalika baada ya kura na siyo kabla, ili shule isionekane jukwaa la mtu. Yule aliyeshinda alifika shuleni mwezi wake wa kwanza kazini. Ulikuwa umemwambia aje Jumanne. Na yule aliyeshindwa ulimpigia simu kumpa pole. Nilikuuliza ya nini, hana tena uwezo. "Amepoteza kazi," ulisema. "Wewe ukipoteza kazi hutaki kupigiwa?" Nilistaafu baada ya miaka michache. Ulinipigia saa mbili asubuhi.

Kwenye mazishi yako wabunge wote wawili walikuja, na wakakaa mstari mmoja kwa sababu walichelewa na nafasi zilikuwa zimebaki hizo. Kila mmoja alinieleza, kwa wakati wake, kwamba hukuwahi kumwomba jambo asiloliweza. Mama Zuhura alitoa salamu za rambirambi kwa Kiingereza, bila karatasi. Zilikuwa fupi.

Sijalia sana, Dada. Unanijua. Nakukosa zaidi barabarani, simu inapolia na siyo wewe unayegombana nami.

Mwezi huu mwalimu mkuu mpya alinipigia. Shule iko wazi, madarasa yamejaa, hana shida yoyote, na ndiyo sababu alitaka kwenda kujitambulisha kwa mbunge sasa. Akaomba nimsindikize. Safari hii sikuwa na kisingizio. Tulifika ofisi ya mbunge Ijumaa saa tatu asubuhi, bila miadi, nikamwambia kijana wa mapokezi kwamba tumetoka shule fulani na tuko tayari kusubiri. Alitazama kompyuta yake, akashangaa kwa nini tunasema tutasubiri.

"Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tatu," alisema. "Hii ni nafasi ya shule yenu. Ipo hapa tangu kabla sijaajiriwa. Karibuni ndani."

Mwalimu mkuu akaingia. Mimi nilibaki kwenye kiti cha mapokezi, maana nafasi ile haikuwa yangu.

Pumzika, Dada Tunu. Kazi yako inaendelea saa za kazi.

Mdogo wako mkaidi